Alabama kuwafunga Browns? Haiwezekani

Kuna swali huwa linaulizwa kwenye futiboli ya Marekani: je, timu bora ya chuo inaweza kuifunga timu mbovu ya NFL, yaani ligi ya wachezaji wa kulipwa? Hapana, hata ile timu ya chuo cha Alabama iliyobeba ubingwa wa vyuo msimu wa 2017 isingewafunga Cleveland Browns wa NFL waliopoteza mechi zote 16 mwaka huohuo. Angalieni Georgia ya 2021, mabingwa wa vyuo, wachezaji 15 walichukuliwa kwenye drafti ya NFL 2022, yaani pale timu zinapochagua vijana kutoka vyuoni, na hiyo ilikuwa rekodi tangu drafti iwe ya raundi saba, sasa timu ya NFL ina watu 53 na wote ni wa kiwango hicho au zaidi, kwahiyo hao wengine wa Georgia wanakutana na nani? Pale mstari wa mbele ndo mechi ingeisha mapema, kijana wa miaka 20 aliyetoka darasani anasukumana na mtu mzima wa kilo 140 ambaye kazi yake kila siku ni hiyo tu, kwotabeki, yule mrusha mpira, hata hajainua mkono kashalala chini.

Na walishajaribu kabisa, kuanzia 1934 mpaka 1976 kule Chicago mastaa wa vyuo vyote, sio chuo kimoja, walikuwa wanacheza na timu ya kulipwa, karibu kila mara bingwa wa NFL. Mechi 42, vijana walishinda 9, sare 2. Ya mwisho kushinda ni 1963, waliwapiga Green Bay Packers 20-17, kwotabeki wa vijana, VanderKelen, alimrushia mwenzake Richter pasi fupi jamaa akakimbia nayo, jumla yadi 74. Lile lilikuwa tukio kubwa kweli! Ila baada ya hapo hawakushinda tena.