Maswali ya Wasomaji: Chumvi ya Ngomeni, Mchanga wa Mambrui, Mikoko ya Lamu

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zinatoka sehemu mbalimbali za pwani, lakini zote zinahusu mali inayotoka hapa na kuuzwa mbali, na jinsi mnunuzi anavyoipima kabla ya kutaja bei.

SWALI: Sisi ni kikundi kidogo cha kuvuna chumvi huku Ngomeni. Mnunuzi analalamika kwamba chumvi yetu ina uchungu, na kwamba magunia hutoa maji hata yakiwekwa ndani. Kila mara anatukata bei. Maji ni yaleyale ya bahari wanayotumia wenye mashamba makubwa ya Gongoni. Tunakosea wapi?
*Msomaji, Ngomeni*

JIBU: Maji hayana kosa. Mnachelewa kumwaga yale yanayobaki juu ya chumvi.

Lita 1,000 za maji ya bahari huwa na takriban kilo 35 za chumvichumvi za kila aina, na katika hizo chumvi ya kula ni kama kilo 27. Zilizobaki ni jasi (madini meupe ya kutengenezea plasta) pamoja na chumvi za magnesi na potasi. Bahati nzuri, hazigandi kwa wakati mmoja, na ujuzi wote wa shamba la chumvi ni kujua ipi inatua lini. Nunueni kipimo cha Baumé, yaani bomba la kioo lenye namba ambalo huelea ndani ya maji. Maji ya bahari husoma karibu 3.5. Yakifika kama 13, jasi huanza kutua. Chumvi yenyewe huanza kuganda yakikaribia 25 au 26, na kufikia hapo karibu tisa ya kumi ya maji yamekwisha kukaushwa na jua na upepo. Yakisoma 29 au 30, sehemu kubwa ya chumvi nzuri imeshatua, na maji yaliyosalia ni machungu kwa magnesi. Hapo ndipo pa kuyamwaga. Mkiyaacha kwa tamaa ya kupata ndoo chache zaidi, magnesi hushika kwenye punje. Ndiyo inayoleta uchungu, na ndiyo inayofyonza unyevu wa hewani mpaka gunia likalowa.

Kwa hiyo bwawa moja halitoshi. Wekeni angalau matatu yanayofuatana: la kwanza la kupunguza maji tu; la pili la kukaa mpaka jasi itue, maji yasome 24 hivi; la tatu, lenye kina cha sentimita 10 hadi 20, la kugandishia. Msiingize maji kwenye la tatu kabla ya 24, la sivyo jasi itatua humohumo na kuchanganyika na chumvi. Sakafu ya bwawa la tatu ishindiliwe kwa udongo wa mfinyanzi. Sakafu laini huleta hasara mara mbili: maji makali huzama ardhini, na mkikwangua mnaondoka na tope. Acheni tabaka jembamba la chumvi chini kama zulia, muwe mnavuna la juu yake.

Baada ya kuvuna, osheni chumvi kwa maji makali safi ya bwawa la pili yaliyokaribia kuganda. Maji ya kisima yanakula mali yenu, kwani lita moja inaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 300 za chumvi. Kisha irundikeni mahali penye mteremko ili ichuruzike siku kadhaa kabla ya kutiwa gunia. Mvua ikinyesha ghafla wakati wa kaskazi, msikate tamaa: maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu. Fungueni mlango wa juu wa bwawa upesi, kabla upepo haujayachanganya. Mvua za masika ni jambo jingine. Hizo ni za kufunga shamba na kutengeneza kingo.

Sasa kuhusu bei. Watu wengi hudhani chumvi ni ya chakula tu, kumbe sehemu kubwa ya chumvi ya dunia huenda viwandani kutengeneza klorini, magadi makali ya sabuni, na magadi ya kutengenezea kioo. Mnunuzi wa klorini anaogopa kalsiamu na magnesi kwa sababu huziba mitambo yake, kwa hiyo huiangalia karatasi ya maabara kabla ya kuangalia weupe wa punje. Kwa chumvi ya chakula, kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, ni usafi usiopungua asilimia 97 ikiwa kavu. Chumvi ni mali ya bei ndogo kwa uzito, na nauli huimeza haraka, ndiyo maana soko lenu halisi ni bara, Uganda na Rwanda, wala si Ulaya. Anayewauzia watu wa huko ni kiwanda chenye mashine ya kuosha, kukausha na kutia madini ya joto. Chumvi ya kula nchini Kenya lazima itiwe madini hayo, na yakitiwa kwenye chumvi yenye maji huteremka chini ya gunia na kupotea. Kama hamna mashine, uzeni chumvi ghafi kwa kiwanda, lakini ombeni ipimwe unyevu mbele yenu: gramu 100 zikaushwe na kupimwa tena. Kukata bei kwa macho kusikubalike.

SWALI: Ufuoni Mambrui mchanga unameta, na pengine kuna michirizi myeusi. Kuna mtu anatuambia ni dhahabu na titani, na anataka vijana wamjazie magunia. Ni kweli?
*Msomaji, Mambrui*

JIBU: Anzeni na kinachometa. Tieni mchanga kwenye sahani yenye maji na mzungushe. Vipande bapa vinavyoelea na kuondoka na maji ni ulanga (mika). Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, ulanga ni kama mara tatu tu, hivyo dhahabu hubaki ya mwisho kabisa. Punje mnayoitilia shaka ipigeni kwa nyundo juu ya chuma: dhahabu hutandazika, ulanga huchanika maganda, na jiwe la pairaiti, ambalo limedanganya wengi, husagika likawa unga mweusi.

Michirizi myeusi ina maana zaidi. Ni madini mazito yanayobaki baada ya mawimbi kubeba mchanga mwepesi. Sumaku ya kawaida itanyanyua magnetaiti, ambayo ni madini ya chuma, na sumaku kali ya spika ya zamani itavuta kidogo ilmenaiti, ambayo ni madini ya titani. Rutaili, nayo ya titani, na zikoni hazivutwi. Huko Kwale, ambako uchimbaji wa madini haya ulianza 2013 na kufungwa Desemba 2024, mchanga uliteremshwa kwa maji kwenye mifereji ya mzunguko, ukakaushwa, ukapitishwa kwenye sumaku, kisha kwenye umeme: rutaili hupitisha umeme, zikoni haipitishi. Bidhaa ya mwisho ilipakiwa melini Likoni. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kuwa unga mweupe wa rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Vyuma vya ndege huchukua sehemu ndogo tu.

Mnaona basi kwamba gunia la mchanga wa ufuoni, bila mitambo hiyo, halina mnunuzi wa kweli. Zaidi ya hayo, kwa Sheria ya Madini ya 2016 madini yote ni ya serikali hata yakiwa chini ya shamba lako, na kuyachimba bila kibali ni kosa. Anayewatuma kujaza magunia, mwambieni alete kibali kwanza. Sheria hiyohiyo inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali, hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo la mgodi. Wakija wenye leseni halali, hiyo 10 ndiyo ya kuiulizia mapema.

SWALI: Kampuni imekuja kisiwani Pate, inataka kijiji kitie sahihi mkataba wa miaka 30 wa kuuza hewa ukaa ya mikoko. Je, tutaendelea kukata boriti? Na hiyo hewa hupimwaje?
*Msomaji, Pate*

JIBU: Msitie sahihi yoyote kabla ya kupata jibu la swali moja: Shirika la Huduma za Misitu linajua? Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la 1932, na kijiji peke yake hakina cha kuuza. Jamii huingia kupitia chama cha misitu kilichosajiliwa na makubaliano na shirika hilo.

Kuuza hewa ukaa ni kulipwa kwa ile ambayo mikoko huifyonza na kuihifadhi. Upimaji ni hivi. Huchukuliwa unene wa kila mti katika viwanja vya sampuli, na kwa mkoko wenye mizizi ya miguu hupimwa juu ya mzizi wa juu kabisa. Unene hugeuzwa kuwa uzito wa mti mkavu, karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na kaboni ikizidishwa kwa 3.67 hupatikana hewa ukaa. Tope huchimbwa kwa bomba, kwa sababu akiba kubwa zaidi ya kaboni ya mikoko iko chini. Kinachouzwa lakini ni ziada tu: tani ambazo zingepotea au zisingekuwapo bila mradi. Msitu ambao haumegwi na mtu hauna ziada kubwa, na anayewaahidi fedha kwa kila mti uliosimama anawachezea.

Kipimo cha kulinganisha kipo Gazi, Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013 kwenye hekta 117, na huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya tani iliyoandikwa kwenye mkataba wenu, muone kama hesabu wanayowapa inaingia akilini.

Kuhusu boriti, inategemea ramani. Eneo la mradi hufungwa au hukatwa kwa kiasi kilichoandikwa, na watu wakihamia kukata upande wa pili wa mkondo, tani hizo huondolewa kwenye mauzo. Gazi walipanda mivinje ili watu wapate miti ya kujengea. Kwenu, ambako boriti na pau bado huuzwa kwa korija (miti ishirini), dai hilo liingizwe kwenye mkataba kwa ramani na idadi ya korija kwa mwaka, si kwa maneno ya mkutanoni. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa 2023 inaitaka miradi ya ardhi ilipe jamii asilimia 40 au zaidi ya mapato ya mwaka. Ulizeni ni kabla au baada ya gharama kutolewa, na jibu liandikwe.