Re: Vifaa vya modeli ya jahazi nianze na vipi?

Mkuu, umeuliza ukitoka hapa Bagamoyo kwenda Dar kwenye duka la vifaa vya modeli uanze kununua nini, maana unataka kumtengenezea mwanao jahazi. Kwanza chora kabla hujapanda gari, jahazi la mita 12 kwa skeli ya 1 kwa 50 linakuja sentimita 24, ukishajua hilo hununui mbao za ziada.

Balsa, ile mbao nyepesi na laini ya modeli, usichukue tu ile ya juu ya rundo, inua kipande usawa wa jicho uangalie ukingo kama umepinda, alafu bonyeza kwa ukucha, ikibonyea kama mkate achana nayo kwa kazi ya mataruma, yaani mbavu za chombo, hiyo ni ya kujazia tu. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, mi nachonga kwa mbao ya mninga, mabaki yake nenda kaombe kwa mafundi seremala, wala huhitaji duka.

Hela iweke kwenye kisu kizuri cha kubadilisha wembe na vibanio vidogo, hapo usibane matumizi kabisa. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, supaglu inaacha ukungu mweupe na ukija kupaka vanishi pale haishiki vizuri. Msasa namba 120, 240 na 400 basi.

Tanga tafuta merikani, kile kitambaa cha pamba, kuukuu uichovye kwenye chai ya rangi, ikikauka utaona yenyewe rangi ya tanga kuukuu, na foromali, ule mti unaofungiwa tanga, ni kijiti cha mshikaki ulichokipiga msasa kikachongoka pande zote mbili.

Ukifika kwenye kukunja mbao za ubavuni niambie, zile lazima uziloweke maji ya moto kwanza.