Maswali ya Nasaba: Anza kwa Bibi Yako, Sultani Atasubiri

Barua nyingi safari hii zinahusu kizazi cha Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na masultani wa Unguja waliomfuata. Nimechagua zile zenye faida kwa wengi.

Ukoo wetu tunaandikwa Al-Busaidi. Nitathibitishaje kwamba tunatoka kwa Sultani? (Msomaji, Tanga)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado linaletwa vilevile, bila hata jina la babu mzaa baba. Al-Busaidi ni kabila. Sayyid Said ni mtu mmoja ndani yake. Wako Al-Busaidi waliokuja pwani kulima karafuu, wengine kufanya biashara, wengine kushika uliwali, na kiti cha enzi wakakiona kwa mbali kama watu wengine wote. Tena wapo walioachwa huru wakabaki na nisba, yaani jina la ukoo, ya bwana zao, na vizazi vyao wanaitumia mpaka leo kwa haki kabisa. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kulificha kisha ukampachika bibi yako baba asiyekuwa wake.

Mnaanza na Sultani mkishuka, na anayeshuka hakosi tawi la kutua, maana Sayyid Said alikuwa na watoto wengi. Panda. Jina lako, la baba, la babu, na kila jina liwe na ushahidi wake: cheti, hati ya ndoa, mirathi kwa kadhi, kaburi. Pale ushahidi unapokatika, andika kwamba umekatika.

Babu yetu aliitwa Sayyid. Basi sisi ni masharifu? (Mombasa)

Hapana, si kwa hilo peke yake. Kwa Al-Busaidi, Sayyid ni cheo cha watu wa nyumba ya utawala, kizazi cha Imamu Ahmed bin Said. Sharifu ni wa kizazi cha Mtume. Wahadhrami nao huwaita masharifu wao Sayyid, ndipo mambo yanapochanganyika.

Sultani wa Oman na Jamshid, sultani wa mwisho wa Zanzibar, wana undugu? (Dar es Salaam)

Wanakutana kwa Sayyid Said. Haitham bin Tariq anapanda kwa Turki bin Said, Jamshid bin Abdullah anapanda kwa Thuwaini bin Said.

Nimepata Khalid aliyekufa 1854 na Khalid aliyepigana na Waingereza 1896. Vitabu vimekosea? (Pemba)

Umekosea wewe, dada yangu, kwa kuacha jina la baba. Wa kwanza ni Khalid bin Said, aliyekufa kabla ya baba yake. Wa pili ni Khalid bin Barghash, mtoto wa ndugu yake, aliyekaa kwenye kiti siku mbili tu, mizinga ikapigwa tarehe 27 Agosti 1896. Huyu alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, Waingereza wakaja kumkamata wakati wa Vita vya Kwanza na kumpeleka uhamishoni, kisha akafia Mombasa 1927. Kwa hiyo anayetafuta habari zake Unguja peke yake atarudi mikono mitupu.

Ukoo huu unarudia majina: Khalifa bin Said na Khalifa bin Harub, Ali bin Said na Ali bin Hamud. Na kiti hakikutoka kwa baba kwenda kwa mtoto moja kwa moja. Majid, Barghash, Khalifa na Ali walikuwa ndugu, wakapokezana. Khalifa bin Harub, aliyetawala 1911 hadi 1960, ni kitukuu wa Sayyid Said kupitia Thuwaini. Ukichora orodha ya watawala ukadhani ni mti wa nasaba, utamfanya mtu awe mtoto wa ami yake. Na katika barua za mabalozi wa Kiingereza, tafuta kila tahajia: Barghash utamkuta ni Burgash, na Sayyid ni Syud.

Mbona katika shajara zote za watawala mama hawaandikwi? (Unguja)

Ahsante, mwanangu. Swali hili nililisubiri.

Shajara, yaani mti wa nasaba, hupita kwa wanaume, na kwa nyumba hii kuna sababu nyingine. Kwa maelezo ya binti yake Salme, watoto wa Sayyid Said waliokuwa hai alipofariki 1856 walikuwa 36, na wote walizaliwa na masuria. Mkewe mkuu, Azza bint Seif, hakupata mtoto. Kisheria mtoto wa suria aliyekiriwa na baba yake ni halali na anarithi sawa na mtoto wa mke, kwa hiyo waandishi hawakuona haja ya kumtaja mama. Salme ndiye aliyewataja: mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, yaani mtu wa Kaukazi; mama wa Majid, Mcherkesi pia; mama wa Barghash, Mhabeshi.

Salme alizaliwa Mtoni 1844, akaondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza 1866, akaolewa na Heinrich Ruete wa Hamburg na kubatizwa, na kumbukumbu zake zikachapwa kwa Kijerumani 1886. Kuna wanaosema alifutwa ukoo. Kubadili dini kulimnyima mirathi. Hakukumwondoa kwa baba yake. Lakini msome kwa tahadhari, maana aliandika mbali na nyumbani, miaka ishirini baadaye, na miaka na hesabu zake zinahitaji kulinganishwa na nyingine.

Kwa familia zenu, mama mtawapata katika hati za wakfu na za mirathi. Nendeni Nyaraka za Taifa pale Kilimani na msomaji mzuri wa Kiarabu. Mwenye nyumba akiweka wakfu aliwataja wanaonufaika, na mara nyingi humo mna mwanamke aliyeachwa huru na watoto wake, kwa majina. Mjue pia kwamba amri ya 1897 ya kukomesha utumwa iliwaacha nje masuria mpaka 1909, kwa hiyo msishangae bibi asipoonekana katika daftari za walioachwa huru za miaka ile.

Msahafu wa nyumbani umeandikwa babu alizaliwa 1310. Nimejumlisha 622 nikapata 1932, lakini mwanawe kazaliwa 1925! (Lamu)

Mwaka wa hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo hazijumlishwi hivyo. Miaka 33 ya hijria ni kama 32 ya miladi. Mwaka 1310 ulianza Julai 1892 ukaisha Julai 1893. Kwa hesabu yako Sayyid Said, aliyefariki Safar 1273, angekufa 1895.

Msahafu huo usiuachie sebuleni. Wa bibi yangu ulikuwa na tarehe za kuzaliwa za watoto wake tisa katika jalada la ndani, kwa wino mweusi uliogeuka hudhurungi, na jina la mama yake pembeni kwa herufi ndogo. Tulipokwenda kuusoma, mchwa walikwishakula upande ule wa pembeni. Upigeni picha wiki hii, ukurasa kwa ukurasa, na jalada lake.

Kuna mtu anauza shajara yenye muhuri, anasema itatusaidia kudai kiwanja cha Sultani. (Unguja)

Msimpe hata shilingi. Kiwanja hudaiwa kwa hati ya kiwanja. Mwambieni aonyeshe hati iliyomwezesha kuandika kila jina, moja moja, kuanzia la baba yenu.