Gemu la vita: uende na zama zipi? Maswali yenu na majibu

Maswali yamejaa kuhusu kuchagua zama za gemu la mikakati ya vita, yaani liwe la kihistoria au la kisasa, na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua machache yanayobeba na ya wengine.

Swali: Mkuu, natengeneza gemu langu la kwanza, niko peke yangu sina timu. Niende na vita vya zamani au vya kisasa?

Kabla hujafika kwenye zama, jiulize unataka mchezaji aumize kichwa na jambo gani. Wengi wanaanza na silaha, huyu anapenda vifaru, yule anapenda mapanga na ngao, afu gemu likishaanza kutembea wanakuta mchezaji hana cha kuamua, anabofya tu. Ukitaka aumie kichwa na mpangilio kabla majeshi hayajagusana, nenda kale kabisa. Kule Cannae, Italia, mwaka 216 KK Hannibal, jemadari wa Carthage aliyekuwa akipigana na Warumi, aliweka katikati askari wa kurudi nyuma taratibu huku wale wenye silaha nzito wa kutoka Afrika wakiwa pembeni, Warumi wakasukuma wakidhani wanashinda kumbe wanaingia ndani, na wapanda farasi wake wakaja kuziba kwa nyuma. Pale majeshi yakishashikana, amri za kubadilisha mpango ni chache sana, kwa hiyo akili yote iko mwanzoni.

Kwa mtu aliye peke yake mi nasema chukua zama za gobole, karne ya 18 au mwanzo wa ile ya 19. Aina tatu tu za vikosi zinakutosha: askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga. Farasi wakikuta askari wamejipanga mraba singe zimetoka nje hawapiti, lakini mraba huohuo umesimama pamoja umebanana, mizinga ikiuona imeula. Hapo tayari una gemu, na hujachora hata helikopta moja.

Swali: Gemu langu ni la kisasa, vifaru vyangu vinapiga kutoka pembe moja ya ramani hadi nyingine, mechi inaisha kabla mtu hajasogea. Nipunguze nguvu ya silaha?

Usipunguze, wanaojua watagundua hapohapo. Shida yako ni vipimo. Gobole lilikuwa na maana ndani ya mita 100 hivi, zaidi ya hapo unabahatisha, kwa hiyo kwenye uwanja wa kilomita 2 askari wana safari ndefu ya kutembea na njiani kuna maamuzi kibao. Kifaru cha leo kinampata mwenzake kilomita 2 bila jasho, kwa hiyo uwanja huohuo wote uko ndani ya masafa ya mzinga wake. Una njia mbili za maana. Ya kwanza ni kupanua ramani iwe makumi ya kilomita, na kila alama iwe kikosi kizima badala ya kifaru kimoja, hapo masafa yanarudi kuwa na maana na unaanza kufikiria barabara, madaraja, mafuta.

Ya pili ndo naipenda zaidi, ziba macho. Silaha ya kisasa ikiona inaua, basi fanya kuona kuwe kazi. Angalia Grozny, mji mkuu wa Chechnya, tarehe 31 Desemba 1994, Warusi wakaingiza vifaru na magari ya deraya mjini bila askari wa miguu wa kutosha kuvilinda. Wachecheni wakakaa vyumba vya chini ya ardhi na ghorofa za juu, wakapiga gari la mbele na la nyuma, msafara ukakwama katikati ya majengo, na mizinga ya vifaru haikuweza kuinuka kufikia ghorofa za juu wala kushuka kufikia vidirisha vya chini. Chombo kinachopiga kilomita 2 kinamalizwa na mtu aliye hatua chache tu. Sasa weka hiyo kwenye gemu: pembe ya mzinga, ghorofa, moshi, kona ya mtaa, na mchezaji aamue kama anatanguliza askari wa miguu wapekue nyumba kwa nyumba au anakimbizana na muda. Na usisahau risasi, kifaru kina nafasi ya makombora kama 40 hivi, zikiisha zimeisha, lori la kuleta nyingine nalo lazima lipite palepale.

Swali: Vita vya zamani si ni simpo sana? Hakuna droni hakuna rada, mchezaji atachoka haraka.

Kukosa rada ndo utamu wenyewe. Balaclava, vita vya Crimea kati ya Waingereza na wenzao dhidi ya Warusi, 25 Oktoba 1854, Lord Raglan, kamanda mkuu wa Waingereza, alikuwa juu kwenye kilima, anaona bonde zima, akaona Warusi wanataka kuondoka na mizinga iliyotekwa, akatuma mpanda farasi na karatasi kwamba wapanda farasi wasonge haraka wakaizuie. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, aliyepokea ile karatasi alikuwa chini bondeni, mizinga ile haioni kabisa, aliyoiona ni ya Warusi iliyokuwa mwisho wa bonde, na kikosi chepesi cha wapanda farasi kikapelekwa hukohuko, mizinga mbele na pembeni.

Karibu magemu yote yanamweka mchezaji kwenye kilima cha Raglan na amri zake zinafika sekunde ileile. Wewe icheleweshe amri. Tarishi achukue muda kufika, anaweza kuuawa njiani, na kamanda wa kikosi atekeleze kwa kile anachokiona yeye. Ukifanya hilo tu, jeshi la mikuki na farasi linakuwa gumu kuliongoza kuliko la droni.

Swali: Kila mtu anajua nani alishinda. Utamu wa gemu la historia uko wapi?

Mchezaji anajua mwisho ila hajui njia, na kazi yako ni kumsimamisha pale mwisho ulipokuwa bado haujaamuliwa. Chukua Adwa, Ethiopia. Mwishoni mwa Februari 1896 jeshi la mfalme wa Ethiopia Menelik II na la Italia chini ya jenerali Baratieri yanatazamana milimani na yote mawili chakula kinaisha. Menelik ana watu wengi sana wa kulisha, akichelewa siku chache tu itabidi aondoke. Baratieri naye ana njaa yake, na serikali ya Roma inamsukuma apigane. Akakubali, usiku akatuma brigedi zake, ramani mbovu, brigedi ya Albertone ikapitiliza mbele kilomita kadhaa ikafuata kilima kingine kinachotajwa kwa jina lilelile, alfajiri ya Machi 1 brigedi zikajikuta zimetengana na Waethiopia wakazivunja moja baada ya nyingine.

Sasa mpe mchezaji upande wa Baratieri siku tatu kabla ya hapo: unakaa, unarudi nyuma, au unashambulia? Mpe ramani ileile yenye makosa, usimrekebishie. Mwingine mpe Menelik na ghala linalopungua kila zamu. Nakuhakikishia hakuna atakayewaza kitabu cha historia, wote watakuwa wanahesabu chakula.

Swali: Vita Kuu ya Pili si imeshachoshwa?

Normandy na Stalingrad ndo zimechoshwa, vita yenyewe bado. Kuna Keren, Eritrea, mwanzoni mwa 1941, Waitalia wako juu ya milima na barabara ni moja tu. Kuna Kohima, India, Aprili 1944, ambako Waingereza na Wahindi walikuwa upande mmoja wa uwanja wa tenisi na Wajapani upande wa pili, ramani ndogo kuliko hiyo sijui utaipata wapi.

Swali: Nataka gemu lianze na mikuki liishie na nyuklia.

Gemu la Civilization lilifanya hivyo mwaka 1991 na watu wanalipenda mpaka leo, lakini pale vita ni sehemu moja tu ya gemu. Kama lako ni vita tupu basi kila zama ina mahesabu yake ya masafa na mwendo, maana yake unatengeneza magemu matano kwa mpigo. Chagua moja.

Swali: Naruhusiwa kutumia vita vinavyoendelea sasa hivi?

Sheria sijui ya kwenu inasemaje, ila mi nakuomba usifanye. Kuna watu usiku huu wamelala chini ya ardhi kwa sababu ya hivyo vita na we unaweka pointi. Na hata kiufundi utapata tabu, pande zote mbili zinaficha hasara zao, mbinu nazo zinabadilika kila baada ya miezi michache, angalia droni ndogo za Ukraine zilivyogeuza kila kitu tangu 2022. Tunga nchi mbili, chora mito na milima yenye akili, silaha ziwe za kweli. Na raia wawepo kwenye ramani, hata la kihistoria, mji usiwe majengo matupu ya kupigia risasi.

Swali: Nimeshachagua zama. Nijuaje zinafaa kabla sijaandika kodi (code) ya gemu?

Karatasi. Maofisa wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, walifanya hivyo tangu 1824 kwa mchezo wa vita wa mezani wa ofisa Reisswitz, ramani ya 1:8000, vipande vyekundu na vya bluu, dadu, kila zamu dakika 2 za vita, na mwamuzi katikati anayekuonyesha kile tu ambacho askari wako wangekiona. Tafuta watu wawili na wewe uwe mwamuzi. Wakicheza mara kadhaa na kila mara zamu ya kwanza wanafanya kitu kilekile, badilisha ramani kwanza kabla hujagusa zama.