Kutafuta ukoo wa Kiingereza wa enzi za kati: shika shamba, jina litafuata

Wazee wa mke wangu ni watu wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwatafuta katika nyaraka. Ukirudi nyuma hadi mwaka 1538 kazi ni nyepesi, kwa kuwa ndipo parokia zilipoamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Kwa miaka ya kabla ya hapo nakushauri ushike kipande cha ardhi na ufuatilie kimepita mikononi mwa nani.

Majina ya ukoo katika karne ya 13 yalikuwa bado hayajatulia. Mtu huyohuyo angeweza kuandikwa kwa jina la baba yake, kisha kwa kazi yake, na akihamia kwingine akaitwa kwa kijiji alikotoka. Shamba lilibaki palepale.

Lililotusaidia ni baraza la manori. Manori ilikuwa miliki ya bwana mmoja, na wapangaji wake waliitwa barazani mara kwa mara huku karani akiandika kwa Kilatini cha mkato kwenye magombo ya ngozi. Katika manori nyingi, mpangaji asiye huru (aliyefungwa kwa bwana na ardhi yake) akifa bwana alichukua mnyama wake bora. Mrithi alilipa ada ya kuingia shambani, na binti akiolewa ililipwa ada nyingine. Bwana alitaka hesabu ya mapato yake tu, lakini sisi tunapata humo vifo, ndoa na urithi wa watu ambao hakuna mwingine aliyejali kuwaandika. Fungua magombo ya 1349, mwaka wa Tauni Kuu, uone shamba moja likipita kwa baba, kwa mwana, kisha kwa mpwa mwenye jina jingine kabisa, yote ndani ya miezi michache. Kurasa hizo huwa nazisoma polepole. Aliyekuwa akifuata jina peke yake angepoteza njia hapo.

Anza na Sajili ya Hati za Manori, inayosimamiwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London. Unaitafuta bure mtandaoni, nayo inakuonyesha hati zilipo: kwenye hifadhi ya kaunti, chuo kikuu, au hata mikononi mwa watu binafsi. Kijiji kimoja kiliweza kugawanywa kati ya manori kadhaa, kwa hiyo ulizia zote. Kwa mazoezi, soma magombo ya Wakefield, Yorkshire, yanayoanzia 1274. Mengi yamechapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza, na ukizoea mtindo wake utaweza kuyakabili ya kwenu.

Tarehe zinahitaji uangalifu. Karani alihesabu miaka ya utawala wa mfalme, na ya Edward III inaanzia 25 Januari 1327. Zaidi ya hayo, mwaka wa Kiingereza ulibadilika tarehe 25 Machi, hivyo Februari 1340 ya kwao ni Februari 1341 ya kwetu.

Ukifika kwa wakubwa waliopewa ardhi na mfalme moja kwa moja, tafuta uchunguzi uliofanywa baada ya kifo chao. Humo utakuta mrithi na umri wake, ingawa “miaka 21 na zaidi” ilimaanisha tu kwamba ni mtu mzima.

Hata Waingereza wa zama hizo walijua uzito wa magombo. Wapaston, ukoo wa Norfolk, waliposhutumiwa kuwa uzao wa watu wasio huru, walipeleka magombo ya baraza kwa Edward IV kuonyesha kwamba wao ndio waliokuwa mabwana wa watu hao, na mwaka 1466 mfalme akawatambua kuwa waungwana. Walidai pia kwamba babu yao wa kwanza alitoka Ufaransa. Lakini maelezo ya mahasimu wao yanamtaja Clement Paston, aliyefariki 1419, kama mkulima wa kawaida mwenye ekari mia moja na kitu, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilishikwa kwa masharti ya watu wasio huru. Ndiyo maana nikipewa mti wa ukoo uliochorwa vizuri naupima kizazi kwa kizazi, na kizazi nisichokiona kikipokea shamba barazani nakiwekea alama ya kuuliza.