Kushuka ndiko kunakovunja: mbwa mdogo, mbwa mzee na kitanda kirefu

Mbwa akipanda kitandani watu humtazama. Hurudi nyuma hatua mbili, hujikunja, huruka. Akikosa hujaribu tena, na mwenye nyumba humsukuma makalio kumsaidia. Akishuka hakuna anayegeuza shingo, maana ni theluthi ya sekunde tu na tayari yuko mlangoni. Ndiyo sababu misaada mingi tunayowawekea mbwa, kuanzia kigoda hadi mto wa kochi, hutatua jambo la kupanda na kuacha lile la hatari zaidi. Vipimo vyote vilivyomo humu vimewekwa kwa ajili ya kushuka. Mbwa anayeshuka vizuri, kupanda hakutamshinda.

Kitanda cha futi 5 kwa 6 chenye godoro la inchi 10 hufikia sentimita 60 hivi kutoka sakafuni. Vile vyenye droo chini hupita 70. Kinachoanguka kutoka sentimita 60 hugonga sakafu kwa kasi ya karibu kilomita 12 kwa saa, na mbwa huipokea kasi hiyo kwa miguu ya mbele. Kwa chihuahua, Yorkshire terrier au pomeranian, mifupa ya kigasha ni myembamba kama penseli, na sehemu yake ya chini, karibu na kifundo, hupata damu kidogo. Ukivunjika hapo, mfupa huchelewa kuunga. Kwa dachshund, pekingese na shih tzu tatizo liko mgongoni. Kati ya pingili na pingili kuna diski yenye kiini laini kama uji mzito. Kwa mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu kiini hicho hukauka na kuwa kigumu mapema, wengine hata kabla ya kufikisha miaka 2. Siku diski inapopasuka, kiini huchomoka na kubana mishipa ya fahamu inayokwenda miguu ya nyuma. Maltese na Japanese spitz, ambao maghorofani Nairobi utawakuta wengi, wana pia shida ya goti kuteleza nje ya mfereji wake. Utamwona anatembea, mara anakunja mguu mmoja wa nyuma, anarukaruka kwa mitatu hatua nne tano, kisha anaushusha na kuendelea kama hakuna kitu. Wengi hudhani anacheza. Huyo asiruke tena kutoka kitandani, na daktari amwangalie goti.

Mbwa mzee, hata awe wa aina gani, huongeza juu ya hayo yabisi ya viungo, mapaja ya nyuma yaliyokonda na macho yasiyopima umbali vizuri gizani.

Anza na tepu ya kupimia

Pima kimo cha kitanda kikiwa kimetandikwa, na ukibonyeze ukingo wa godoro kwa kiganja, maana mbwa husimama ukingoni na ukingo ndio unaobonyea. Tofauti ya sentimita 4 au 5 ni ya kawaida, na kwa mbwa wa kilo 3 si ndogo. Kisha mpime mbwa mwenyewe akiwa amesimama: kutoka wayo wa mbele hadi wayo wa nyuma. Urefu huo ndio kina cha chini cha kila kidato kama utaamua kutumia ngazi, ili aweze kusimama na miguu yote minne mahali pamoja kabla ya kuendelea.

Kabla hujamwita fundi, jiulize kama kitanda kinaweza kushushwa. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wanayoisahau. Matendegu ya mbao yakikatwa sentimita 15, kitanda cha 60 kinakuwa 45. Fundi seremala apige mstari wa msumeno kwa kupima kutoka kwenye fremu, asipime kutoka sakafuni, kwa kuwa sakafu nyingi hazijalala sawa. Akikosea nusu sentimita kitanda kitayumba kila ukigeuka. Usiende mbali hadi kulaza godoro moja kwa moja sakafuni, hasa ukiwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja: unyevu utapanda na upande wa chini utaota ukungu ndani ya miezi michache. Acha chaga, na chini yake angalau sentimita 10 za hewa.

Mteremko au ngazi?

Kwa mwenye shida ya mgongo, mteremko. Kila kidato cha ngazi ni mruko mdogo, mgongo unapinda na kunyooka, na kushuka vidato vitano ni kutua mara tano. Mbwa mwenye yabisi kidogo tu na mgongo mzima anaweza kutumia ngazi, mradi kidato kisizidi sentimita 10 kwa mbwa wa chini ya kilo 5, na sentimita 12 hadi 15 kwa wakubwa kiasi. Kitanda cha 60 kwa kidato cha 12 kinataka vidato vinne, cha tano kikiwa godoro lenyewe. Vikiwa na kina cha sentimita 35 kila kimoja, ngazi itachukua sentimita 140 za chumba. Ngazi fupi zinazouzwa tayari mara nyingi ni mwinuko tu: mbwa hupanda mbili, huruka zilizobaki, na akishuka huruka zote.

Mteremko nao una hesabu yake. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, weka sentimita 3 za kwenda mbele. Kitanda cha 60 kinataka sentimita 180 sakafuni, na ubao wenyewe uwe kama 190. Mtu akisikia hivyo hushtuka na kukata ubao wa mita moja. Mita moja kwa kitanda cha 60 ni mwinuko ambao mbwa hupanda kwa kukimbia na kushuka kwa kuteleza na tumbo, na baada ya mara mbili hatakanyaga tena. Ubao mfupi mno ndio sababu ya kwanza ya mteremko kukataliwa, na lawama huangukia mbwa.

Sasa rudi kwenye kile kitanda kilichokatwa matendegu. Kimo cha 45 kinataka sentimita 135 za mteremko. Ongeza kibaraza cha sentimita 45 cha kugeukia, jumla 180. Huo ni karibu urefu wa kitanda cha futi 6. Kwa hiyo mteremko unalala ubavuni mwa kitanda, kibaraza kikiwa mchagoni au miguuni, upande ule ambako mbwa hulala, na ukumbi wa chumba unabaki wazi. Kama upande huo upo ukuta umbali wa sentimita 45 hivi, ukuta unakuwa kingo yake.

Plaiwudi ya milimita 12 inatosha kwa mbwa wa hadi kilo 15 ikiwekewa chini mbao mbili za inchi 2 kwa 2, moja kila ukingo, na vipande vya kukatiza kila sentimita 50. Mzito kuliko huyo, chukua ya milimita 18. Upana sentimita 40; karatasi moja ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande vitatu, kwa hiyo mabaki yanatosha kibaraza. Tumia skrubu na gundi ya mbao. Misumari hulegea, ubao huanza kulia, na mbwa mwenye wasiwasi hakanyagi kitu kinacholia. Kibaraza kisimame kwa miguu yake minne. Usikiegemeze juu ya godoro, maana godoro likibonyea kinainama. Uso wake uwe sentimita 2 chini ya godoro lililobonyezwa, na kifungwe kwenye fremu ya kitanda kwa kamba au ndoano ili pasiachie mwanya. Mwanya wa sentimita 3 unameza mguu wa maltese hadi kwapani. Upande usiogusa kitanda uwe na kingo ya sentimita 10.

Juu bandika kapeti fupi, ngumu, isiyo na vitanzi, kwa gundi na pini za stepla pembezoni. Pitisha kiganja kote kuhakikisha hakuna pini iliyosimama. Kapeti ya vitanzi hunasa kucha. Msasa, ambao mafundi wengine hupendekeza, hukwangua nyayo. Chini ya ubao, unapogusa marumaru, gongelea vipande vya kandambili kuukuu au tyubu ya baiskeli. Kisha jaribu: bonyeza katikati kwa mikono miwili kwa uzito unaozidi wa mbwa mara mbili. Ukiona unapinda au unasogea, bado hujamaliza.

Asiyetaka mbao aende kwa fundi wa makochi akatiwe sponji ngumu za ngazi. Sponji laini haifai, kwani wayo huzama na kifundo hupinda. Kitambaa kiwe kikavu cha kukwaruza kidogo. Ngozi ya bandia huteleza. Mfuniko uwe na zipu, kwa sababu mbwa mzee atakojoa hapo siku moja.

Kumfundisha

Usimweke juu ya mteremko uliosimama siku ya kwanza. Ulaze ubao sakafuni, umpitishe juu yake kwa vipande vya ini la kuku lililochemshwa, vidogo kama punje ya mahindi. Dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku. Siku ya pili au ya tatu inua ncha moja kwa tofali, sentimita 10 hivi. Anapotembea bila kusita, inua zaidi. Kushuka kufundishe kwanza, na kwa kuanzia mwisho: mbebe umweke sentimita 30 kutoka chini ya mteremko, ashuke hatua chache afike kwenye ini. Akishazoea, mweke nusu. Kisha juu kabisa. Hivyo kila mara anaelekea mahali anapopajua. Kipande cha ini kiweke sakafuni au juu ya ubao wenyewe. Ukimshikia mbele ya pua juu hewani, atainua kichwa, na mguu wa mbele utakosa pa kukanyaga.

Usimvute kwa kola. Mvalishe mkanda wa kifuani, na mkono wako utembee sambamba naye bila kumwinua. Akiganda, mteremko ni mkali kuliko anavyoweza au unatikisika. Rudi hatua moja.

Mteremko uwekwe pale mbwa anaposhukia siku zote, hata kama wewe ungependa kona nyingine. Pande zilizobaki zizibe kwa sanduku, stuli ndefu au kochi, angalau kwa wiki mbili. Mbwa aliyezoea kuruka kwa miaka 6 ataruka mlango wa nyumba ukigongwa, na hapo ndipo mafunzo yote husahaulika. Kwa hiyo sakafu ya pale anapoweza kurukia iwe na zulia lililowekewa mpira chini. Mkeka mtupu juu ya marumaru ni mbaya kuliko kuacha sakafu wazi, kwani mbwa hutua na mkeka huondoka naye. Mto mnene nao huviringisha mguu.

Chandarua kinahitaji neno lake. Mbwa anayeamka saa nane usiku kwenda kunywa maji hupita kwenye pindo la neti, kucha hunasa, anavuta, anapinduka. Acha pindo mbili zipishane juu ya kibaraza, usizichomeke chini ya godoro upande huo, na mzoeshe kupita hapo mchana kwanza. Weka taa ndogo ya kuchaji karibu na chini ya mteremko. Umeme ukikatika itabaki. Kata kucha kila wiki tatu au nne: ukizisikia zinagonga marumaru anapotembea, zimezidi. Maltese na spitz wanyolewe nywele zinazoota kati ya nyayo, maana hizo ni soksi juu ya vigae.

Akihitaji kubebwa, mkono mmoja upite chini ya kifua kati ya miguu ya mbele, mwingine ushike makalio, mgongo ukae sawa na sakafu. Kumwinua kwa makwapa, kama mtoto, kunaning'iniza mgongo mzima. Na usimwachie akiwa bado hewani. Subiri nyayo zote nne ziguse chini.

Mbwa aliyekuwa akiruka akaacha ghafla, anayelia ukimgusa ubavu, aliyekunja mgongo au anayetetemeka bila baridi, asipande kitu chochote hadi aonwe na daktari wa mifugo. Akiburuta miguu ya nyuma au akikanyagia mgongo wa wayo, apelekwe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, saa zinahesabika. Mlaze juu ya ubao bapa, mfunge kwa kanga asijigeuze. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na kidonge kimoja cha mtu mzima ni kingi mno kwa mbwa wa kilo 4.

Wapo pia ambao hata mteremko mzuri hauwafai tena: kipofu anayezunguka kitanda akitafuta ukingo, mzee anayeamka akasahau yuko wapi. Huyo mtengenezee godoro lake la sponji ngumu, unene wa sentimita 8 hadi 10, juu ya chaga fupi. Tandika kanga uliyoivaa bila kuifua, na uliweke upande ule ambao ukining'iniza mkono usiku unamfikia kichwani.