Nane Nane nilikuwa kazini, kwa mujibu wa daftari langu

Mwalimu wa chuo aliyekuja kunikagua fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, alipekua kurasa mbili tatu za daftari langu la kazi za kila siku, akaweka kidole kwenye tarehe 8 Agosti. "Siku hiyo mlifungua ofisi?"

Nilikuwa nimeandika: "Nilipanga nyaraka." Nane Nane! Halmashauri nzima imefungwa, mimi niko nyumbani nafua. Daftari lote nililijaza usiku mmoja, kalamu ileile ya bluu, baada ya kusikia tetesi kwamba wakaguzi wameingia mkoani.

Nikapata C. Kwetu fildi ilibeba krediti kama somo zima, kwa hiyo GPA iliyumba. Kilichoniuma ni kwamba kazi niliifanya kweli, wiki nane, nauli nikijibana kwenye bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo.

Basi kabla hujaomba nafasi, fungua prospektasi. Angalia fildi ina krediti ngapi, na alama zinagawanywaje kati ya daftari, fomu ya msimamizi na ripoti. Wengi tunayajua hayo matokeo yakishabandikwa.

Ukiomba halmashauri, barua ya chuo ielekeze kwa Mkurugenzi, uifikishe masijala mwenyewe na uondoke na nakala iliyogongwa mhuri. Baada ya wiki rudi uulize iko kwa nani. Mara nyingi imelala kwa Afisa Utumishi. Mjomba ofisini anasaidia, sitadanganya, ila mjomba hakusainii daftari. Uliza pia utapangiwa idara gani. Rafiki yangu wa ugavi alikaa mapokezi mpaka mwisho, ripoti ikakosa cha kusema.

Sasa daftari. Andika jioni ileile, na uandike kitu kinachohesabika. "Nilisaidia kazi za uhasibu" haina uzito. Mimi sikuwa na nywila ya MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, kwa hiyo malipo yenyewe nilikuwa nachungulia tu begani kwa mhasibu. Lakini vocha nilizikagua kwa mikono yangu. Ningeandika hivi: "Nimekagua vocha 14. Tatu zimerudishwa, hazina risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Moja ya vifaa vya ofisi haikukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2." Mistari ya namna hiyo ikifika ishirini, ripoti imeshajiandika nusu.

Saini ichukue kila Ijumaa. Na fomu ya tathmini, ile inayofungwa kwenye bahasha, mkumbushe msimamizi wiki mbili kabla hujamaliza. Maafisa wana safari na likizo, na bila mhuri matokeo yako yatasomeka "haijakamilika" hata kama ulikuwa wa kwanza kufika ofisini kila siku.

Mdogo wangu yuko fildi mwaka huu. Juzi kanipigia: "Kaka, bosi kasema atasaini zote siku ya mwisho." Nikamuuliza ana kurasa ngapi. Kimya. "Mpelekee kesho asubuhi," nikamwambia, "kabla hajaanza kupokea wageni. Na Nane Nane iache wazi."